Mkeka wa Mikono Miwili

Safi tulimwacha mlangoni pa ukumbi, mkeka wake umekunjwa kichwani, mdomo wazi, macho yameganda ukutani. Tuanzie hapo hapo, maana hata yeye hajasogea.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa mihogo kabla hawajalisoma, nawapa kwa ufupi. Safi ni mjane wa Kiislamu wa hapa Mikelenge, mtaa wa Kindu, msusi wa mikeka tangu udogo wake. Marehemu mumewe, Hamidou, mshona kofia, alikuwa na wake wawili. Safi ndiye mkubwa. Mdogo ni Latifa, ambaye hakujaliwa kuzaa. Wakati wa vita, mji ulipozingirwa na njaa ikaingia kila nyumba, Hamidou alikufa kwa homa. Wake zake wakakaa eda pamoja chini ya paa moja, na humo ndani, kwa kukosa la kufanya, wakasuka mkeka mmoja wakiwa wawili.

Kisha mapigano yakaingia mtaani. Safi alikuwa kitandani anatetemeka, hawezi hata kusimama. Akamwambia Latifa, "Beba Sofia, mwende." Sofia ni mwanawe wa pekee, meno ya utoto yalikuwa bado yanamng'oka. Latifa akamweka mtoto mgongoni, mkeka akaubana kwapani, akavuka mto Lualaba kwa mtumbwi, akashika njia ya Kalima.

Baada ya miezi, mchuuzi mmoja wa baisikeli akaleta salamu za Latifa. Mtoto amekufa kwa surua njiani. Sanda haikupatikana. Latifa amemzika ndani ya ule mkeka.

Safi ameishi na salamu hizo miaka zaidi ya ishirini. Wiki jana akaenda kwenye maonyesho ya kazi za mikono, na kitu cha kwanza alichokiona, kimetundikwa ukutani na kumulikwa taa, ni mkeka aliozikiwa mwanawe.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya. Akaniambia niandike wivu wake wote, nisiupake sukari. Sitaupaka.

"Safi, shusha mukeka kichwani. Watu wanapita." Huyo ni Jeannette, jirani yake, muuza mikate ya mafuta, aliyemsindikiza.

"Unaona kile kiko ukutani?"

"Naona. Mukeka muzuri."

"Muzuri!" Safi akamshika mkono mpaka Jeannette akaguna. "Ule mukeka njo walimuzikia Sofia wangu. Sasa iko pale, wazungu wanaupiga picha. Niambie weye, Jeannette, mutoto wangu alizikwa na nini? Na majani ya ndizi?"

Jeannette ni Mkatoliki. Akafanya ishara ya msalaba.

"Nakuuliza!"

"Mimi unaniuliza nini? Muulize mwenyewe. Si yule pale?"

Na kweli alikuwa yule pale.

Latifa amenona. Ndilo jambo la kwanza Safi aliloliona, na lilimuuma kabla hata uchungu wa mtoto haujamaliza kumshuka kooni. Shela jipya la hariri, hina mpaka kwenye viwiko, shingo ina mikunjo ya mtu anayekula akashiba. Nyuma yake limebandikwa bango refu kuliko mlango: sura ya Latifa, na chini yake maandishi makubwa. LATIFA WA KALIMA, FUNDI WA MKONO WA KUSHOTO.

"Wa kushoto!" Safi akasema. "Wanajivunia na kushoto!"

Hapa inabidi nieleze. Latifa ni shoto. Zamani, alipoolewa, Safi alikataa kupokea chakula kutoka mkono ule. Aliuita mkono wa chooni, mbele ya wageni, mbele ya wakwe, na wageni wakacheka. Sokoni watu walikuwa wakiigeuza mikeka ya Latifa, wakiona majani yamelala upande usiozoeleka, wanairudisha chini, wanachukua ya Safi. Hakuna aliyetaka kuswali juu ya kazi ya mkono ule.

Isipokuwa Hamidou. Hamidou, akimaliza kushona kofia zake, alikuwa akiburuta kigoda chake mpaka karibu na Latifa, akakaa tu kutazama vile mkono wa kushoto unavyokimbia. Hasemi kitu. Anatazama. Safi alikuwa akipika upande wa pili wa ua, anakoroga bugali kwa hasira mpaka mwiko unalia.

"Mimi alinipenda," Safi aliniambia. "Lakini kunitazama vile? Ata siku moja."

Basi mnaelewa lile bango lilimfanya nini.

"Twende zetu kwanza," Jeannette akasema. "Tuweke mukeka yako kwenye nafasi yako, halafu tutajua."

Nafasi ya Safi, waliyompa wenye maonyesho, ilikuwa mwisho kabisa, ukutani, karibu na mlango wa choo. Jeannette akautandika mkeka wa Safi pale. Watu walikuwa wakiuruka kwenda kujisaidia.

"Unaona?" Safi akasema. "Mimi njo niko chooni leo."

Katikati ya ukumbi, mgeni mmoja mwanaume alikuwa ameinamia mkeka wa ukutani, miwani puani. Akauliza, "Maman Latifa, hili tundu dogo hapa mwanzoni ni la nini?"

"Ah, hiyo njo alama yangu," Latifa akajibu, akacheka kidogo. "Kila fundi ana alama yake."

Safi alisikia, akasonya. Tundu! Ukili wa mkeka ukiwa na tundu, yeye huufumua wote. Fundi gani huyo anayejisifia tundu? Hakufikiri zaidi ya hapo. Wivu ulikuwa umemziba masikio, asikubali kusikia ila kile anachokitaka.

Na alichokitaka sasa kilikuwa kimoja. Swali la mtoto lingekuja, ndiyo, lingekuja. Lakini kwanza alitaka bango lile lishuke.

Silaha alikuwa nayo. Ukili, yaani ule utepe mrefu unaosukwa kwanza kabla ya kushonwa kuwa mkeka, hulala upande wa mkono ulioushika. Wa kuume unalala kuume, wa kushoto unalala kushoto. Msusi hawezi kuugeuza, hata akitaka. Na mkeka ule wa ukutani ulikuwa na kili za namna zote mbili, moja hivi, moja hivi, zimeshonwa zikapakana na kufanya mifupa ya samaki toka pembe hii mpaka pembe ile. Hakuna mwingine katika mkoa mzima wa Maniema. Ulitokea mara moja tu, ndani ya eda, wakati wanawake wawili waliochukiana walipokosa majani ya kutosha, wakalazimika kuunganisha kazi zao.

Mtu mmoja hawezi kuufanya. Ni lazima wawe wawili.

"Wee Safi," Jeannette akamvuta kanga, "usilete fujo. Hapa si kwenye bomba la maji."

"Niache."

"Safi!"

"Niache nimesema!"

Mkubwa wa maonyesho aliitwa Béatrice, mama mrefu kutoka Kinshasa, mwenye Kiswahili cha kuokoteza na kipaza sauti kisichomtoka mkononi. Ndiye angechagua kazi ya kwenda kuonyeshwa Kinshasa. Vipaza sauti vilikuwa vimefungwa ndani, nje mbele, na nje nyuma uani, na radio ya mtaa ilikuwa inatangaza yote palepale. Kila aliyesema ndani alisikika mpaka barabarani.

"Sasa, Maman Latifa," Béatrice akasema, "utasukia watu kidogo. Waone mukono."

Latifa akakaa kwenye kigoda, akachukua miyaa mibichi, majani ya kusukia, kwenye beseni, na mkono wa kushoto ukaanza kukimbia. Watu wakafanya "eeee!" Mwanaume mwenye miwani akaburuta kiti, akakaa karibu kumtazama. Aliburuta kama Hamidou.

Hapo Safi hakuvumilia tena.

"Asuke na ule wa kuume!"

Ukumbi wote ukageuka. Mkono wa Latifa ukasimama.

"Mama, weye ni nani?" Béatrice akauliza.

"Mimi ni Safi, bibi mukubwa wa marehemu Hamidou. Huyu alikuwa mwenzangu. Tulilala nyumba moja, tulikula sufuria moja, namujua kuliko nyinyi wote." Alikuwa anatembea huku anasema, watu wanampisha. "Mumuulize. Ukili wa kushoto ni wake, sawa, sibishi. Ule wa kuume njo wa nani? Mukono wa kushoto hausuki wa kuume. Ata mwaka muzima akijaribu. Asuke hapa, tuone!"

Watu wakaanza kunong'ona. Bibi mmoja wa mtaa wa Kasuku, msusi wa zamani, akainuka, akasogea kuutazama mkeka, akatikisa kichwa. "Anasema kweli. Hii ni mikono miwili."

"Maman Latifa?" Béatrice akasema.

Latifa alikuwa amebadilika rangi. Miyaa ilikuwa imemdondoka mapajani. Akamtazama Safi, akatazama mlango wa nyuma, akamtazama Safi tena.

Safi anakiri, na mimi naandika kama alivyokiri, kwamba utamu wa dakika ile hajawahi kuupata hata siku ya harusi yake.

"Sema sasa," akamwambia. "Sema, mukono wa chooni."

Haya, shikeni viti vyenu. Mnadhani Latifa alikana? Mnadhani alitukana, akalia, akakimbia? Hata Safi alidhani hivyo.

Latifa aliinuka polepole, akavuka ile beseni, akamkumbatia Safi kwa nguvu mbele ya watu wote.

"Yaya," akasema, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, machozi yanamtiririka. "Yaya wangu. Mungu ni mukubwa. Niliambiwa umekufa." Kisha akageukia watu, mkono wake bado begani kwa Safi. "Anasema kweli kabisa. Huu mukeka ni wa mikono miwili. Moja ni yangu. Ya pili njo huyu hapa. Ni wake. Mimi sikusema jina yake sababu nilizani ni marehemu. Yaya, unisamehe."

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, makofi, bibi wa Kasuku analia, Jeannette naye kule nyuma anapiga makofi bila kujua anampigia nani. Béatrice akaweka mkono kifuani. Kamera zote zikahama kutoka kwa Latifa zikaja kwa Safi.

Zikaja kwa Safi, wasomaji wangu.

Safi alikuwa na swali. Lilikuwa mdomoni kabisa: mtoto wangu ulimzika na nini? Alikuja nalo kutoka mlangoni. Lakini kipaza sauti kilikuwa mbele ya midomo yake, na Latifa, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwao na sanduku lake la bati, alikuwa amesimama pembeni.

"Mama Safi," Béatrice akasema, "watu wanataka kusikia. Huu mukono wa kuume ni wako?"

Swali likashuka tumboni.

"Ndiyo," Safi akasema. "Ni mukono wangu. Ni mimi nilisuka."

Vipaza sauti vikarudia ndani, vikarudia nje. Ni mukono wangu. Ni mimi nilisuka. Alisikia sauti yake inatembea mpaka barabarani, na akapenda.

"Basi mutaenda Kinshasa wote wawili!" Béatrice akatangaza.

"Na sura yangu mutaibandika?"

"Tutaibandika, mama."

"Kubwa kama yake?"

Watu wakacheka. "Kubwa kama yake," Béatrice akasema.

"Na ile neno kushoto muifute pale. Muandike mikono miwili."

"Mikono miwili, mama. Tutaandika."

Nimemuuliza Safi, je, dakika hiyo ulimkumbuka Sofia? Akasema, "Andika hapana." Nimeandika.

Vigelegele vilipopoa, Latifa akamshika kiwiko. Alimshika kwa upole, ila alimshika kweli, kama mtu anayemtoa mgonjwa nje.

"Yaya, twende tukunywe chai kule mbele. Tuko na mengi."

"Ngoja kwanza niuone."

"Uone nini?"

"Mukeka."

"Wamesema haukamatwe na mukono. Unaharibika."

Basi hapo Latifa alikosea. Angesema neno lingine lolote, labda leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini kumwambia Safi asiguse!

"Nisiguse mukeka yangu?" Safi akasema. "Weye unaweza, mimi siwezi? Bado unataka kuwa wa mbele?"

"Si vile, yaya..."

"Toka."

Akausogelea ukuta. Akaweka kiganja juu ya mkeka aliosuka na mwenzake katika njaa ya vita, uliomfunika mwanawe, na mkono wake ukashtuka.

Mkeka wa zamani unapauka, unakauka, ukiukunja unavunjika. Huu ulikuwa laini. Safi akaunusa. Bado ulinukia majani. Akainua pembe ya chini, akageuza upande wa nyuma, na nyuma kule, mahali ambapo jua halijafika, majani yalikuwa bado na ukijanijani.

Akatafuta mahali palipoungua. Wakati wa eda, kaa la mbabula, lile jiko la makaa, lilirukia mkeka, likatoboa karibu na pindo, na wao wawili wakagombana siku nzima nani alipepea moto ovyo. Akatafuta pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna.

"Palipoungua ni wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Nilitengeneza," Latifa akasema nyuma yake. Haraka mno.

"Ulitengeneza na ukili wa nani? Palipoungua palikuwa pangu. Kuume."

Hebu fikirini pamoja naye, maana alifikiri polepole. Mkeka huu si ule wa vita. Huu ni mpya, wa mwaka huu. Una kili za kushoto, ni za Latifa. Una kili za kuume. Yeye hajasuka. Basi kuna mwanamke mwingine, kule Kalima, anayekaa na Latifa, anayesuka kwa kuume. Na si kuume ya mtu yeyote. Alipapasa. Vile ukili ulivyobanwa, vile ulivyoanzwa na majani mawili yamepishana na kukunjwa ndani, ni vile mama yake Safi alivyomfundisha Safi, na Safi hakumfundisha mtu.

Hakumfundisha mtu ila mmoja.

Vidole vikashuka mpaka mwanzo wa ukili, vikaingia kwenye tundu. Lile tundu alilolisonya. Hapo mwanzoni msusi ameruka jani moja, likabaki tundu dogo la kupitisha ncha ya kidole.

Akatafuta mwanzo wa ukili mwingine wa kuume. Tundu. Na mwingine. Tundu.

Akamwona Sofia amekaa kizingitini, ulimi umetokea kwenye pengo la meno, anasuka kiukili cha kuchezea. Kila akianza, anaruka jani moja. Kila siku. Safi anamfumulia, anampiga vidole, "Anza tena, umeruka!" Mtoto analia. Na Hamidou kutoka kwenye kofia zake anacheka, "Mwache mutoto. Hiyo njo dirisha ya Sofia."

Safi akageuka.

"Latifa."

"Yaya."

"Nani alisuka hii?"

Latifa akasogea karibu sana, karibu kama mtu anayetaka kurekebisha shela la mwenzake. Machozi yalikuwa yamemkauka usoni. Sauti yake ilikuwa ya chini, na haikuwa na utani tena.

"Ni weye ulisuka," akasema. "Umesema mwenyewe. Watu wote wamesikia. Mpaka radio imesema."

"Latifa! Salamu ulinitumia..."

"Uko na bango. Uko na Kinshasa. Ulikuwa unataka nini kingine? Kila siku ulikuwa unataka yote, yaya. Bwana ulitaka weye tu, sifa weye tu. Mutoto Mungu alikupatia weye, mimi akaninyima, na mbele ya watu ukaniambia tumbo yangu ni shoto kama mukono yangu. Umesahau? Mimi sikusahau. Nilimubeba mgongoni nikiwa na njaa. Alilala juu yangu. Kwa njia nzima alilia mama, mama, na mimi njo nilikuwa naitika."

"Iko wapi?"

"Usipige kelele."

"Mutoto wangu iko wapi?"

Macho ya Latifa yalienda tena pale yalipokwenda mwanzo, kwenye mlango wa nyuma, ule wa uani, ambako walikuwa wakiloweka majani yasikauke. Safi naye akageuka.

Mlango ulisukumwa kabla hajapiga hatua.

Akaingia mwanamke, si msichana tena, mtu mzima, amejifunga kitambaa cha kazi kiunoni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko na vipande vya majani vimemganda. Alikuwa anahema. Paji la uso ni la Hamidou. Mwendo wa hasira, kifua mbele, ulikuwa wa Safi mwenyewe, na Jeannette kule mlangoni pa choo, ambaye hakuwa amesikia hata neno moja, aliachama akashika mashavu.

"Mama!" akaita.

"Ee!" akaitika Safi.

"Ee!" akaitika Latifa.

Sauti zao zilitoka pamoja. Béatrice, aliyekuwa anakuja na kipaza sauti, akasimama.

Mwanamke yule akampita Safi, bega likamgusa bega, hata hakumtazama. Akasimama mbele ya Latifa, maji yanamdondoka vidoleni.

"Ulinikataza kutoka uani, nimekubali. Ulisema Kindu iko na watu wabaya, nimekubali. Lakini nimesikia kwa kipaza sauti. Nimesikia na masikio yangu." Ndipo akageuka, akamnyooshea Safi kidole kilicholowa, na macho yake yalikuwa yamejaa wivu ambao Safi aliutambua palepale, kwa kuwa alikuwa ameamka nao kila asubuhi maisha yake yote.

"Mama, huyu bibi ni nani, anasema mukono wangu ni wake?"